Ziada ya sarafu ya dhahabu ni nini?

Chukua sarafu mbili za dhahabu za Uingereza za pauni moja, zile ziitwazo sovereni, zote za mwaka 1917. Ukizipima, kila moja ni pungufu kidogo ya gramu 8. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili Mtakatifu George yuko juu ya farasi akipambana na joka. Sasa sogeza lenzi kwenye mstari wa ardhi, chini ya kwato za farasi, juu kidogo ya tarakimu za mwaka. Kwenye moja utaona herufi ndogo S. Kwenye nyingine pako patupu.

Yenye S ilipigwa chapa Sydney, na wauzaji wengi watakupa kwa bei isiyo mbali na ya dhahabu iliyomo. Isiyo na herufi ilitoka London, na ikiwa ni ya kweli bei yake ni mara nyingi zaidi ya hiyo. Dhahabu ni ileile, kipimo kilekile.

Hiyo tofauti ndiyo ziada: kiasi cha bei kinachobaki baada ya kuondoa thamani ya dhahabu yenyewe. Kila sarafu ya dhahabu ina bei mbili ndani yake. Kuna bei ya sonara, ambaye angeitia motoni bila kuangalia ina picha ya nani. Na kuna bei ya mkusanyaji, anayelipia mwaka, kiwanda, uchache na hali ya sarafu. Anayeanza kununua sarafu za kale bila kuzitenganisha bei hizi mbili ananunua akiwa amefumba macho.

Bei ya sonara inahitaji kujua mambo mawili tu, uzito na karati. Sovereni ina gramu 7.988 za karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu na iliyobaki ni shaba ya kuipa ugumu. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.32. Dhahabu huuzwa duniani kwa aunsi ya gramu 31.1, kwa hiyo sovereni moja ni aunsi 0.2354. Chukua bei ya aunsi ya siku hiyo, zidisha kwa 0.2354, umepata sakafu yako, yaani bei ya sonara. Tuseme aunsi ni dola 2,000: dhahabu ya ndani ni dola 471. Muuzaji akitaka 490, ziada ni dola 19, kama asilimia 4, na hiyo ni ya kawaida tu, ya kulipia kazi na faida yake. Akitaka 900, basi ana jambo la kukueleza, na mwache alieleze lote.

Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu jibu la kwanza huwa ni "hii ni ya zamani." Umri peke yake haupandishi bei. Zipo sarafu za dhahabu za Dola ya Roma zilizokaa ardhini zaidi ya miaka 1,500 ambazo ni rahisi kuliko kipande cha karne ya 20, kwa sababu ziliibuka kwa makundi kutoka kwenye vyungu vilivyofukiwa. Kinachohesabika ni ngapi zimebaki na wangapi wanazitaka.

Tena si ngapi zilitengenezwa, ni ngapi zimebaki. London mwaka 1917 ilipiga sovereni zaidi ya milioni moja. Kwa idadi hiyo ungetarajia zizagae kila mahali. Lakini zilikuwa siku za Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu ya Uingereza ilikuwa ikivuka bahari kwenda Marekani kulipia vita. Inaaminika kuwa nyingi kati ya hizo ziliishia kuyeyushwa huko. Mtu anayesoma orodha ya idadi zilizotengenezwa bila kujua yaliyozipata baadaye atadhani ni sarafu ya kawaida.

Mfano wa kupindukia ni sarafu ya Marekani ya dola 20. Ya mwaka 1924 ilitoka zaidi ya milioni 4, na hadi leo ndiyo ya kununua kwa ziada ndogo. Ya mwaka 1933 inafanana nayo karibu kila kitu, na dhahabu yake ni aunsi 0.9675 vilevile. Zilipigwa 445,500, lakini mwaka huohuo Rais Roosevelt aliamuru wananchi wasalimishe dhahabu yao, na sarafu hizo hazikuwahi kutolewa rasmi. Zikayeyushwa, isipokuwa chache zilizochoropoka. Moja iliyopitia mikononi mwa Mfalme Farouk wa Misri ndiyo pekee iliyoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi, na mwaka 2021 iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 18.9. Dhahabu iliyomo siku hiyo haikufika dola 2,000. Bei nzima, ukitoa vumbi hilo, ni ziada.

Baada ya uchache inakuja hali. Wakusanyaji hutumia kipimo cha daraja 1 hadi 70, kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kisha kikaenea. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuzunguka mikononi mwa watu. Kwa sarafu ya kawaida, daraja moja juu au chini halitikisi bei. Kwa sarafu adimu, daraja hilohilo moja linaweza kugharimu gari. Ndiyo maana watu hulipia kampuni kama PCGS na NGC ziichunguze sarafu na kuifunga ndani ya kasha la plastiki lenye namba yake.

Na ziada ni kitu chepesi kupotea. Mimi sarafu yangu ya kwanza niliinunua kwa kuangalia mbele na nyuma tu, na nilipofika nyumbani nikaipitisha ukucha ukingoni, kwenye yale meno madogo. Sehemu ya juu kabisa, meno yalikuwa yamelainika, na chini ya lenzi pakaonekana rangi iliyofifia: risasi ya kuunganishia. Iliwahi kutundikwa kwenye mkufu, kisha kikulabu kikatolewa na pakasuguliwa. Nilikuwa nimelipa bei ya mkusanyaji kwa kitu cha sonara. Tangu siku hiyo naanza na ukingo, uso baadaye.

Kusafisha ni dhambi ya aina hiyohiyo. Dhahabu ni laini. Kitambaa na dawa ya kung'arishia huacha mikwaruzo myembamba inayoonekana sarafu ikizungushwa chini ya taa. Inang'aa kweli, ila mwenye kuijua ataona na kushusha bei. Iache na uchafu wake.

Ziada pia ndiyo inayoeleza ajabu moja, sarafu bandia zenye dhahabu halisi. Katika miaka ya 1950 na 1960, karakana za Lebanon zilitoa sovereni za kughushi za aina hiyo. Faida ilitoka wapi? Kwenye pengo kati ya bei ya dhahabu na bei ya sarafu iliyokwisha kuwa sarafu. Mizani na maji vitakusaidia kumkamata anayeuza shaba nyeupe au nyekundu: sarafu ya shaba yenye ukubwa wa sovereni haifiki gramu 5, na sovereni ya kweli ikining'inizwa kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kilicho juu ya mizani, bila kugusa chini, namba hupanda kwa karibu gramu 0.45. Lakini bandia ya dhahabu itafaulu majaribio hayo yote. Hapo linabaki jicho: herufi zilizovimba, nukta za chuma zisizostahili kuwapo, uso wenye ulaini wa sabuni. Kwa sarafu ya ziada kubwa, kama hiyo ya London ya 1917 inayoghushiwa sana, mimi singenunua isiyokuwa ndani ya kasha, na namba ya kasha ningeihakiki kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

Ninachokwepa kabisa ni sarafu mpya zinazouzwa kama "toleo maalumu" zikiwa na sanduku la mbao na cheti. Ziada yake huwekwa na muuzaji, na mara nyingi hakuna mnunuzi wa pili wa kuilipa. Kabla ya kutoa pesa, muulize swali moja: nikikurudishia sarafu hii wiki ijayo, utainunua kwa kiasi gani? Anayeuza sovereni ya kawaida atakutajia namba iliyo chini kidogo ya bei ya dhahabu, au juu yake kidogo. Mwenye sanduku la mbao ataanza kukueleza uzuri wa mchoro.