Kivuko huanza mita 65 kabla ya michirizi

Ajali ikitokea pale njia ya baiskeli inapokata barabara, kitu cha kwanza kuombwa ni kibao. Kibao kinasimikwa, siku zinapita, ajali nyingine inatokea, na sasa kinaombwa kibao kikubwa zaidi. Mimi ni mhandisi wa usalama barabarani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukagua vivuko vya namna hii: vile vya njia za pamoja, zinazotumiwa na waendesha baiskeli, watembea kwa miguu, wakimbiaji na watoto, na ambazo mahali fulani hazina budi kuvuka barabara ya magari. Ninalosisitiza kila ninapokagua ni kwamba kivuko hakianzii kwenye michirizi myeupe. Kinaanzia mbali, pale dereva na mwendesha baiskeli wanapoweza kuonana kwa mara ya kwanza, na wengi wanaogongwa wamekosa nafasi hiyo.

Upo utafiti ninaourudia mara kwa mara. Mikko Räsänen na Heikki Summala walichunguza ajali 188 za magari na baiskeli katika miji minne ya Finland, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Katika asilimia 37 ya ajali hizo, si dereva wala mwendesha baiskeli aliyetambua hatari mapema kiasi cha kufanya lolote. Katika aina ya ajali iliyotokea mara nyingi zaidi kwenye vivuko vya baiskeli, asilimia 11 tu ya madereva walikuwa wameiona baiskeli kabla ya kugongana nayo. Waendesha baiskeli katika ajali hizo hizo walikuwa macho zaidi, kwani asilimia 68 waliliona gari. Ila kati ya hao walioliona, asilimia 92 waliamini kwamba dereva atawapisha, kama sheria inavyomtaka. Takwimu hizi huniuma kila ninapozisoma. Watu hawa hawakuwa wazembe. Waliliona gari, sheria ilikuwa upande wao, wakaendelea na safari.

Mpangilio wa aina hiyo ya ajali, iliyozidi nyingine zote kwenye vivuko vya baiskeli, ni huu. Gari linatoka barabara ndogo likitaka kuingia kulia, na baiskeli inatokea mkono wa kulia wa dereva, kwenye njia ya pande mbili inayoambaa na barabara kubwa. Finland magari hupita kulia, kwa hiyo hatari anayoitarajia dereva inatoka kushoto, na huko ndiko anakoangalia hadi gari linapoanza kusogea. Kwenye nchi ambako magari hupita kushoto, geuza pande tu. Mambo ni yale yale. Dereva huyu unaweza kumwekea vibao vitatu na bado shingo yake ikaelekea magari yanakotoka. Kinachomsaidia ni kivuko kilichosogezwa nyuma kidogo kutoka barabara kubwa, kiasi cha urefu wa gari moja, ili amalize kwanza shughuli ya kivuko kisha ashughulike na magari. Kikiinuliwa juu ya tuta pana lenye mgongo bapa ni bora zaidi, maana atafika pale akiwa mwendo wa pole, apende asipende.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo mabishano mengi yanapokwisha. Wasanifu wa barabara huchukulia kwamba dereva anahitaji sekunde 2.5 kuona kitu, kukitambua na kufika kwenye breki. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, muda huo unamla karibu mita 35 kabla breki hazijashika, na gari linasimama baada ya mita 65 hivi. Akiwa kwenye kilomita 80, ni mita 130. Akiwa kwenye kilomita 30, gari zima linasimama ndani ya mita 31 au 32. Yaani palepale ambapo gari la kilomita 30 limekwisha kusimama, la kilomita 50 bado halijaanza kupunguza mwendo.

Hiyo ni hesabu ya dereva. Mtu anayesubiri kuvuka ana yake, na mara nyingi husahaulika. Chukua barabara ya mita 7 na mzee anayetembea mita moja kwa sekunde. Anahitaji sekunde 7 kuvuka, na 2 za kuangalia na kuamua. Ndani ya sekunde 9 gari la kilomita 50 linakwenda mita 125, na la kilomita 80 linakwenda mita 200. Kukiwa na kona au mlima umbali wa mita 100, mzee huyo hawezi kuvuka kwa uhakika hata awe mwangalifu namna gani. Anapoondoka ukingoni barabara ni nyeupe. Anapofika katikati, gari limeshatokeza. Hapo kilichobaki ni kupunguza kasi ya magari, kuhamisha kivuko, au kumpa mahali pa kusimama katikati. Rangi haiongezi hata mita moja ya kuona.

Ndiyo maana ukaguzi wangu huanza na futi kamba. Ninasimama kwenye njia, mita mbili tatu kabla ya ukingo wa barabara, kisha ninachuchumaa hadi macho yawe kwenye kimo cha mtoto aliye juu ya baiskeli. Kutoka pale dunia ni nyingine. Kichaka ambacho mtu mzima anakiona kama pambo kinakuwa ukuta. Sanduku la umeme linaficha gari zima. Gari lililoegeshwa karibu na kivuko linafunika upande wote. Halafu ninakwenda kwenye kiti cha dereva, ambako macho yako takriban mita 1.1 kutoka chini, na ninatafuta kama ningemwona yule mtoto. Nusu ya mapendekezo ninayoandika ni ya panga na ya kukataza maegesho. Gharama yake ni ndogo kuliko taa yoyote, na ndiyo yanayocheleweshwa kuliko yote kwa sababu hayana uzinduzi.

Njia nyingi za pamoja zimejengwa juu ya matuta ya reli zilizoachwa, na urithi huo una faida na hasara. Reli hupenda mstari ulionyooka na mwinuko mdogo, jambo linalofurahisha miguu. Lakini treni haikujali inaikata barabara kwa pembe gani. Njia ikiikata barabara ya mita 7 kwa mshazari wa nyuzi 45, mvukaji anakwenda karibu mita 10, huku akilazimika kupinda shingo kuangalia nyuma ya bega lake. Dawa yake ni kuipinda njia kabla haijafika barabarani ili ivuke kwa pembe mraba au karibu nayo. Kona hiyo iwe pana na ikae mbali kidogo na barabara. Kuna wanaoweka kona kali mlangoni kabisa mwa kivuko ili kupunguza kasi ya baiskeli, na siungi mkono. Mwendesha baiskeli anayepigana na usukani anaangalia gurudumu la mbele, wakati tunataka aangalie magari.

Vivyo hivyo kwa nguzo za katikati ya njia, zinazowekwa kuzuia magari yasiingie. Wa mbele kwenye kundi anaikwepa, wa pili anaiona ikiwa imeshafika kifuani. Usiku bila rangi ya kuakisi ni mtego. Kuigawa njia iwe vijia viwili vyembamba, na bustani fupi katikati, kunazuia magari vizuri na hakuna anayevunjika mbavu.

Kuhusu nani apite kwanza, kuna mazoea nisiyoyakubali: kumsimamisha mwendesha baiskeli kila mahali, hata kwenye mlango wa nyumba moja unaotoka magari machache kwa siku. Mwongozo wa Marekani wa alama za barabarani, toleo la mwaka 2009, unaeleza kwamba kasi peke yake isiwe kigezo cha kuamua nani apewe kipaumbele, na kwamba alama ya kusimama isitumike pale ambapo alama ya kupisha ingetosha. Ni ushauri mzuri. Alama ya kusimama ikiwekwa mara kumi mahali pasipo na gari, mtu hujifunza kuipuuza, na ile ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa na maana. Njia ikiwa na watu wengi na barabara ikiwa na magari machache, wape kipaumbele watu wa njia, uinue kivuko, uwaoneshe madereva kwa umbo la barabara lenyewe. Mahali ambapo magari ni mengi na ya kasi, waambie wavukaji ukweli kwamba wao ndio watakaosubiri, kisha uwajengee pa kusubiri.

Barabara ya leni nne ndiyo inayonikosesha usingizi. Dereva wa leni ya kwanza anasimama kwa ustaarabu, gari lake linamficha mvukaji, na wa leni ya pili anapita kwa kasi ileile. Mstari wa kusimamia ukirudishwa nyuma mita 6 hadi 15 kutoka kivukoni, mvukaji na dereva wa pili wanapata upenyo wa kuonana. Kisiwa cha katikati kinamruhusu mtu kuvuka upande mmoja kwa wakati mmoja, ila kipimwe kwa baiskeli. Baiskeli ya kawaida ina urefu wa karibu mita 1.8, kwa hiyo kisiwa cha mita 1.5 kinaacha gurudumu kwenye leni. Mita 3 zinamtosha hata mzazi anayekokota kitoroli cha mtoto.

Taa za kumulika zinasaidia, ila tusizipe sifa zisizo zake. Huko St. Petersburg, Florida, njia ya Pinellas inavuka barabara ya leni nne. Kabla ya kuwekwa taa za manjano zinazometameta kwa kasi, madereva waliopisha walikuwa asilimia 2. Baada ya taa walifika asilimia 35 kwa ujumla, na asilimia 54 pale taa zilipokuwa zimewashwa na mvukaji. Ni hatua kubwa sana, na bado karibu nusu ya madereva walipita taa zikiwaka. Kwenye barabara pana na ya kasi napendekeza taa inayofika rangi nyekundu, ile aina iliyoanzia Tucson, Arizona, kwa sababu nyekundu haimwachii dereva nafasi ya kutafsiri. Na kitufe kiwe mahali ambapo mwendesha baiskeli anakifikia bila kushuka, la sivyo hatakibonyeza.

Kazi ikikamilika, rudini kivukoni usiku wa mvua. Kwenye lami iliyolowa, baiskeli ya kilomita 25 kwa saa inahitaji zaidi ya mita 30 kusimama kwa hesabu za usanifu, na kokoto zilizosombwa kutoka kingoni hulala palepale inapofunga breki. Angalieni kama taa ya mtaani inammulika mvukaji kwa upande wa dereva au inamwacha kivuli. Hesabuni madereva wangapi wanapisha, muweke kumbukumbu, na mrudie majani yakishaota tena.