Kisiwa cha rutuba: kichaka kinavyobadili udongo wa nyika kame

Chimba kidogo chini ya kichaka cha jangwani, kisha uchimbe tena hatua chache pembeni, palipo wazi. Udongo wa kivulini umekolea rangi, umelegea, na una vipande vya majani vilivyooza nusu. Wa nje umepauka na uso wake umekauka ukawa mgumu. Sehemu ile ya kivulini ndiyo wataalamu huiita kisiwa cha rutuba: eneo dogo lenye mboji, naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko ardhi inayolizunguka.

Rutuba hiyo ina vyanzo vingi. Majani hudondoka na kuoza. Upepo uliobeba vumbi laini hupungua kasi ukigonga matawi, vumbi likatua. Mbuzi, sungura na ndege hujificha jua hapo na kuacha kinyesi. Mizizi huvuta madini kutoka chini, na vijia vya mizizi iliyokufa na vya wadudu huyafanya maji ya mvua yazame badala ya kutiririka. Mimea ya jamii ya kunde huongeza naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Hata mti wa mathenge, ambao wafugaji wengi wa Baringo, Kenya, hawataki kuusikia, una sifa hiyo.

Hapa ndipo hesabu ya faida huharibika. Kaboni ya majani na naitrojeni ya bakteria ni mali mpya, lakini vumbi na kinyesi vimehamishwa tu kutoka kwingine. Kule Jornada, New Mexico, Marekani, nyasi zilipopungua na vichaka vya meskiti na kreosoti kushika nafasi yake, rutuba iliyokuwa imesambaa ilijikusanya chini ya vichaka, na nafasi za katikati zikaachiwa upepo na mmomonyoko. Mwaka 1990 watafiti waliyaeleza mabadiliko hayo kuwa ni kuenea kwa jangwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni: kabla ya kichaka palikuwa na nini? Kama palikuwa na nyasi, visiwa hivyo si habari njema.

Shapotou, ukingoni mwa jangwa la Tengger nchini China, palikuwa na mchanga mtupu unaohamahama. Kuanzia 1956, ili kulinda reli ya Baotou–Lanzhou, watu walichomeka mabua mchangani kwa miraba ya mita moja kwa moja, wakapanda ndani yake vichaka kama karagana na pakanga ya jangwani. Mchanga ukatulia, vumbi likajaa, na juu yake likaota gamba hai la bakteria, miani midogo na kuvumwani (kuvu na miani vinavyoishi pamoja). Mboji ikaongezeka mwaka hadi mwaka. Lakini gamba hilo na vumbi lililo chini yake hushika maji ya mvua ndogondogo karibu na uso, nayo mizizi ilikwisha kunywa yaliyokuwa chini. Unyevu wa tabaka za chini ukashuka na vichaka vyenyewe vikapungua, huku mimea midogo ya mizizi mifupi ikinufaika. Kwangu mimi huo ndio mfano mzuri kuliko yote, maana unaonyesha faida na gharama yake mahali pamoja.

Halafu kuna chumvi. Atripleksi, kichaka kinachopandwa kwa malisho Iran, Afrika Kaskazini na Australia, huhifadhi chumvi katika vipovu vidogo juu ya majani, ndiyo maana majani hayo huonekana kama yamepakwa majivu. Yakidondoka, chumvi hurudi kwenye udongo wa juu. Unaweza basi kupima kaboni ikipanda na chumvi ikipanda pia, katika kiganja kimoja cha udongo. Mifugo wakiyala hupunguza kiasi, ingawa sehemu yake hurudi kwa mkojo.

Anayetaka kujua kama shamba lake la vichaka limeufaa udongo achukue sampuli chini ya kichaka, kati ya vichaka, na katika ardhi jirani ya aina hiyohiyo ambayo haikupandwa. Kisha achimbe hadi mizizi inapofika: sentimita 10 za juu pekee zitampa mboji, hazitamwambia kitu kuhusu maji.