Lenzi "inaingia", lakini je, itafokasi?

Ukienda kutafuta lenzi ya mtumba Arusha mjini na kamera yako ndogo ya Nikon mkononi, neno la kwanza la muuzaji ni moja: "Inaingia hii, bosi." Hadanganyi. Mdomo wa F wa kufungia lenzi ulianza mwaka 1959, na hata kamera ya D3500 inautumia. Tatizo ni dhana inayofuata, kwamba lenzi ya AF (fokasi ya otomatiki) ikishaingia itafokasi yenyewe.

Lenzi nyingi za AF za zamani hazina mota ndani. Huzungushwa na mota ya kamera kupitia kijiti kidogo chenye ncha kama ya bisibisi, kinachochomoza kwenye mdomo wa kamera. D90 na D7000 zinacho. D40, D60, na kamera zote za kuanzia D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600 hazina. Hizi zinahitaji lenzi yenye mota yake, na kwa Nikon alama ya kutafuta ni AF-S. Ndiyo maana 50mm f/1.8D itakaa kimya kwenye D3200 wakati AF-S 50mm f/1.8G inafanya kazi vizuri.

Hapo wengi hukimbilia kusema, "Basi nichukue yenye G." Hapana. G maana yake lenzi haina pete ya kubadilishia tundu la mwanga, na D maana yake inaipa kamera taarifa ya umbali. Mota haimo katika habari hiyo.

Kwenye lenzi za kuvuta mbali, za 70-300mm, ndiko watu wanakoumia zaidi, hasa vijana wanaoanza kuongoza watalii na wanataka kumvuta mbega aliye juu ya mti kule Ngurdoto. Namba ni ileile, lenzi ni tofauti. AF 70-300mm G ni nyepesi na huuzwa bei ya chini, lakini haina mota. AF-S VR 70-300mm inayo, tena inatuliza mtikisiko wa mkono. Halafu kuna AF-P ya mwaka 2016, nayo ina mota yake, nzuri sana kwa D3400 au D3500. Ukiifunga kwenye D3100 haifokasi kabisa, hata ukizungusha pete kwa mkono, kwa sababu pete yenyewe inategemea umeme na kamera hiyo haiielewi. "Mpya zaidi ndiyo salama zaidi" ni dhana ya kuitilia shaka hapa. Kama bodi yako (kamera bila lenzi) ni ya zamani, mimi ningechukua AF-S bila kujadili.

Je, lenzi isiyo na mota ni mbovu? Wala. Ile 50mm f/1.8D kwenye D3200 bado inapima mwanga, na ukizungusha pete kwa mkono kitone cha kijani huwaka kwenye dirisha la kutazamia fokasi ikikaa. Kwa Kibo inayoonekana asubuhi kutoka Moshi kabla ya mawingu, inatosha kabisa; mlima haukimbii. Bibi harusi anayeingia ukumbini akicheza ni habari nyingine.

Wenye Canon wana nafuu. Lenzi zote za fokasi ya otomatiki za EF, tangu 1987, zina mota ndani. Kusema EF ni za kamera kubwa tu si kweli: 2000D na 4000D zinapokea EF (kitone chekundu) na EF-S (mraba mweupe). Zinazokataa ni RF za kamera mpya zisizo na kioo, na FD za zama za filamu.

Na lenzi za kampuni nyingine, Sigma au Tamron, zenye mdomo wa Nikon? Jina pekee halitoshi, maana za zamani baadhi hazina mota. Nenda na bodi yako, hakikisha swichi ya lenzi haiko M (fokasi ya mkono), bonyeza kitufe cha kupigia picha nusu ukielekeza kitu cha karibu, kisha cha mbali. Lenzi isipojisogeza yenyewe, irudishe mezani kabla hujafungua M-Pesa.