Kila anayelala kwenye kitanda changu ananitajia Kurt Warner

Mimi ni fizio, niko Iowa miaka kumi na kitu sasa, wachezaji wa futiboli ya Kimarekani ya ndani, ile ya kwenye ukumbi, nimewafunga tepu mpaka basi. Juzi kaja kijana mmoja, wazazi wake watu wa Bukavu, goti limevimba kama nazi, namwambia pumzika wiki sita, ananijibu "Tantine, hata Warner alianzia huku." Huyo Warner ni kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, aliyeanzia huku ndani akaja kuwa nyota wa NFL, ligi kuu ya Marekani. Nikasema leo lazima niandike, maana hiyo kauli naisikia kuliko shikamoo.

Dhana yenyewe ni hii: cheza ndani msimu mmoja miwili, maskauti watakuona, utapanda NFL.

Jamani. Tuanze na Warner mwenyewe, maana watu wanaijua nusu ya stori, ile ya supamaketi. Kweli, 1994 Green Bay, timu ya NFL, walimkata kambini, akarudi Cedar Falls akawa anapanga bidhaa Hy-Vee kwa dola 5.50 kwa saa, 1995 akaingia Iowa Barnstormers, timu ya ndani ya Des Moines. Hapo mtu anaruka moja kwa moja mpaka Super Bowl, fainali ya NFL, kumbe katikati kuna miaka ya watu! Misimu mitatu Des Moines, fainali mbili, 1996 na 1997, zote kapigwa. 1998 akapelekwa Amsterdam kwenye ile ligi ya NFL ya Ulaya, akarudi NFL, timu ya St. Louis, kuwa kwotabeki wa tatu, yaani mtu wa benchi. 1999 Cleveland wanaunda timu upya, wanaruhusiwa kuokota wachezaji wa timu nyingine, Warner akawekwa kwenye orodha ya kuokotwa na hawakumwokota. Agosti hiyo goti la Trent Green, kwotabeki wa kwanza wa St. Louis, likachanika kwenye mechi ya maandalizi, ndo Warner akakabidhiwa timu. Msimu huo pasi 41 za tachidauni (yaani za kufunga), MVP au mchezaji bora wa ligi, halafu Super Bowl ya Januari 2000 akarusha yadi 414.

Mimi mtu wa magoti nairudia tena: alipata nafasi kwa sababu goti la mwenzake lilichanika. Sasa wewe unakuja kwangu na goti bovu unataka kumfuata Warner, wakati kwenye hiyo stori wewe ndo Green.

Na ile njia ya Ulaya haipo tena, NFL waliifunga 2007. Mtu akiona hoja ya Warner nimeijibu ananirushia Fred Jackson, mwingine aliyetoka ndani akafika NFL. Haya, Jackson alicheza ndani na Sioux City Bandits, 2006 akapitia Rhein Fire ya Ujerumani, ndo akaingia Buffalo ya NFL. Umeona? Wote wawili wamevuka daraja lilelile, na daraja limeshabomolewa. Siku hizi ukibahatika unapitia ligi ya Kanada au UFL, ligi nyingine ndogo ya Marekani, na huko unawakuta watu waliokatwa NFL juzi tu, nao wanasubiri kiti hichohicho.

Halafu mchezo wenyewe haumwonyeshi skauti kila anachotafuta. Uwanja yadi 50 badala ya 100, upana kama mita 26, watu 8 badala ya 11, na mpokeaji anaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mstari kabla mpira haujatoka. Timu kufikisha pointi 50 ni Jumamosi ya kawaida kabisa. Kijana ananionyesha tachidauni zake kwenye simu, nami nafurahi naye kweli, lakini skauti anajua hizo namba zimepikwa kwenye sufuria ndogo.

Kinachoniuma siyo ndoto, ndoto ota hata kumi. Kinachoniuma ni kwamba imani hii ndo inawafanya wanidanganye. Kichwa kimegongwa, anaona mataa mawili mawili, ananiambia niko fiti kwa sababu eti wiki hii atakuja mtu wa kutoka juu, yaani skauti wa NFL. Paja limekaza anameza vidonge anaingia. Mtu wa juu hajatokea, na paja limechanika.

Dhana zingine ninazozisikia nazipitia haraka, sina nguvu.

"Uwanja mdogo, majeraha madogo." Kinyume chake. Uwanja ukiwa mdogo hakuna pa kukimbilia, kila mpira unaishia kwa mtu au kwa ukuta. Ukuta una sponji ndio, ila sponji inalinda ngozi, bega haliulizi kama ulikuwa na sponji. Na chini ni kapeti lililotandazwa kwenye sakafu ya uwanja wa hoki, siyo nyasi za kijijini. Kwa hiyo njumu ndefu ziacheni nyumbani, nunueni viatu vya tafu (nyasi bandia) vya meno mafupi, hili nalisema kila Machi na kila Machi kuna kijana anabisha mpaka mguu unanasa na goti linazunguka peke yake.

"Ni profesheno, lazima ana hela." Analipwa kwa mechi, mara nyingi dola mamia machache, na msimu ni wa miezi michache tu. Timu inampa pa kulala msimu ukiwepo, ukiisha anarudi ghalani au kwenye kufundisha watoto jimu. Shangazi mnaotuma orodha ya ada kutoka nyumbani, mhurumieni.

"Nimesaini, niko salama." Ligi kubwa ya mchezo huu, Arena Football League, ilianza 1987, ikafuta msimu mzima wa 2009, ikarudi, ikafilisika 2019, ikafufuliwa 2024 na timu 16 na wiki chache tu timu zikaanza kufungwa. Mimi ushauri wangu ni uleule: omba nakala ya vipimo vyako vyote siku unayopimwa, timu ikifungwa hujui faili linaishia wapi.

"Ni ligi ya waliofeli." Jay Gruden alikuwa kwotabeki wa huku, baadaye akawa kocha mkuu wa Washington kwenye NFL. Tuendelee.

Yule kijana wa Bukavu nimemwandikia wiki sita tena, kwa kalamu nyekundu. Asubuhi hii kanitumia meseji kuuliza kama nne hazitoshi.