Ziwa ni moja, lakini cheti cha TASAC hakikufikishi Port Bell

"Si tuko Jumuiya? TASAC wameshanikagua. Napakia Mwanza, nashusha Port Bell, kwisha." Maneno haya nimeshayasikia kwa wenye vyombo wa Ziwa Victoria, waliokaguliwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) na wanaopeleka mzigo Port Bell, bandari ya Uganda, mpaka yamenichosha. Mwisho wake ni uleule: boti inazuiwa gatini upande wa pili, magunia ya dagaa yanashika unyevu, na mwenye mali anatafuta wa kumlaumu.

Hoja yao imeanzia kwenye jambo la kweli. Tanzania, Kenya na Uganda zina sheria ya pamoja ya usafiri wa ziwa hili, iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2007. Ipo pia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, inayoziratibu nchi hizi. Lakini kushirikiana hakuzigeuzi mamlaka tatu kuwa moja. Wanachokubaliana ni vipimo: chombo kikaguliwe vipi, nahodha awe na sifa gani, vifaa gani vya kuokolea viwemo. Anayekagua, anayekamata na anayetoza faini ni wa nchi yenye maji hayo: kwetu TASAC, Kenya KMA (mamlaka yao ya usafiri wa majini), Uganda idara ya usafiri wa majini chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kamisheni haina dirisha la kukupa kibali, wala si kazi yake kukufungulia boti iliyozuiwa. Anayepanda basi kwenda Kisumu na malalamiko hayo anapoteza nauli.

Cheti cha ubora unachopewa na TASAC kinasema jambo moja: chombo ni kizima. Hakisemi kimebeba nini leo, nani yumo, wala kinaelekea wapi. Hayo yana karatasi zake, na kila safari ina zake. Ya jana haitumiki leo.

Anza na manifesti ya mzigo: aina ya bidhaa, idadi ya vifurushi, uzito, anayetuma na anayepokea. "Mzigo mchanganyiko, magunia 300" si maelezo, na afisa ana haki ya kukushushisha yote ahesabu. Kama ni dagaa au samaki, vibali vya Idara ya Uvuvi vya kutoa mazao nje vitangulie, usivitafute chombo kikiwa kimeshapakiwa. Kisha orodha ya mabaharia na abiria, kila mmoja na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kitambulisho cha NIDA hakimvushi Mtanzania kwenda Uganda. Wakenya na Waganda wana makubaliano yao ya kuvuka kwa vitambulisho, na hapo ndipo watu wetu wanapochanganya mambo. Pitia Afya na Uhamiaji, umalizie Forodha ya TRA, ambao ndio wanaotoa kibali cha chombo kuondoka kwenda nje kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Nasisitiza Forodha iwe ya mwisho kwa sababu ukibadili manifesti baada ya hapo, kibali ulichoshika hakilingani tena na chombo chako.

Na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kibali kimetoka, boti inakaribia kung'oa nanga, jamaa anakuja na magunia yake 16: "Nisaidie tu, ni machache." Karatasi inasema 280, chomboni yamo 296. Ukifika upande wa pili hayo 16 hayana mwenyewe kwenye maandishi, kwa hiyo ni magendo, hata kama yalipakiwa kweupe mbele ya watu wote. Chombo cha chini ya tani 250 kilichotumika kubeba magendo kinaweza kutaifishwa chenyewe, siyo mzigo peke yake. Rudi dirishani urekebishe manifesti, au magunia yasubiri safari nyingine.

Kosa jingine la jamii hiyohiyo ni kupitia kisiwani "kushusha kidogo" kabla ya kuripoti. Chombo kinachotoka nchi nyingine kinaanzia kwenye bandari iliyotangazwa, mbele ya forodha ya huko. Mwalo, yaani ufukwe wa wavuvi, si bandari.

Orodha ya abiria nayo msiione kama urasimu. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa na uwezo wa abiria 101, na waliofariki peke yao walizidi 220. Waokoaji walitafuta bila kujua wanatafuta watu wangapi. Nakala moja ya orodha ibaki nchi kavu, kwa mtu anayepokea simu.

Yapo na maneno mengine ya mwaloni. "Ukizama maji ya Uganda, wa kwetu hawavuki." Si kweli. Wajibu wa kuokoa maisha hausimami mpakani. Nchi hizi zinapaswa kupeana taarifa, na chombo kilicho karibu ndicho kinachokwenda, bendera yoyote iwayo. Kinachochelewesha watu ni mahali kutajwa vibaya. Kwenye redio ya VHF, chaneli 16: "Mayday" (mwito wa hatari) mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali, tatizo, idadi ya watu, kisha achia kitufe usikilize. Mstari wa Ikweta unapita kwenye ziwa hili, kwa hiyo lazima useme kaskazini au kusini. Dakika 15 za latitudo kaskazini ni jirani na Port Bell. Dakika 15 kusini ni maili 30 za majini kutoka hapo, takriban kilomita 55. Angalia pia GPS yako inaonyesha nini: 2.51 ya desimali ni digrii 2 na dakika 30.6. Ukiisoma "mbili na dakika hamsini na moja" umewapeleka waokoaji karibu kilomita 38 pembeni. Na saa taja kwa mfumo wa saa 24, 2000 badala ya "saa mbili usiku", maana anayekusikia huenda anaandika kwa Kiingereza.

"Nina leseni ya uvuvi, naweza kubeba abiria." Hapana. Leseni hiyo inaruhusu kuvua. Abiria wanataka ukaguzi wake, na BMU (kikundi kinachosimamia mwalo) haina mamlaka ya kukupa.

"Maji yamepanda, Uganda wamefunga bwawa." Bwawa la Jinja lipo tangu 1954 na linapunguza au kuongeza maji yanayotoka, lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hupotea kwa jua. Nahodha aulize kina cha gati siku hiyo, asikilize vipimo, si maneno ya mwaloni.

"Usiku ndio shwari." Hii inaua. Usiku upepo wa nchi kavu unaelekea ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, hewa inapanda na radi zinajengeka, hasa usiku wa manane hadi alfajiri. Mwanza hadi Port Bell ni kama kilomita 310 kwa mstari ulionyooka. Kwa mwendo wa noti 10 (maili 10 za majini kwa saa) ni saa 17 hivi. Ukitoka saa mbili usiku, saa mbaya zote zinakukuta majini. Soma utabiri wa ziwa wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), na kama hauna onyo toka saa 12 asubuhi. Unafika saa 5 usiku ndani ya ghuba ya Murchison, iliko Port Bell, unatia nanga, na hakuna mtu wala gunia linaloshuka mpaka maafisa wapande.