Pasi ya raga ikitua mbele si lazima iwe kosa

Mashabiki wengi huchora mstari akilini: mpira umetupwa hapa, umedakwa mita tatu mbele, basi ni kosa. Sheria haipimi hivyo. Kinachoangaliwa ni mikono ya mtoa pasi. Ikielekea upande wa wapinzani, ni pasi ya mbele. Ikielekea nyuma au ubavuni, ni halali.

Sababu ni kasi. Tuseme mchezaji anakimbia mita 8 kwa sekunde na kurusha mpira nyuma kwa mita 2 kwa sekunde. Mpira bado unasonga mbele mita 6 kwa sekunde. Ukikaa hewani nusu sekunde, utadakwa mita 3 mbele ya pale ulipotoka. Mtoa pasi naye, akiendelea kukimbia, atakuwa amefika mita 4, hivyo mdakaji yuko nyuma yake.

Utata huzuka anapoangushwa mara tu baada ya kuachia mpira. Yeye kasimama ghafla, mpira haukusimama, na uwanja mzima unamzomea refa. Tazameni viganja, si mistari ya nyasi! Katika raga ya wachezaji saba, ambayo Kenya wanaipenda na ambayo mbio zake ni kali, jambo hili hutokea mara kwa mara.

Pasi ikiwa kweli ya mbele, wapinzani wasiponufaika na mpira huo, wanapewa skramu, yaani wachezaji wa timu zote mbili wanajifunga pamoja na kusukumana kuwania mpira. Iliyofanywa makusudi huadhibiwa kwa penalti.