Vitamini D na UTI kwa watoto: majibu kwa wazazi wanaolalamika maabara

Malalamiko tunayopokea siku hizi kwenye dirisha la maabara ya watoto ni ya aina mbili, na mara nyingi yanatoka kwa mzazi yuleyule. La kwanza, mtoto ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) isiyokoma na daktari amekataa kumwandikia kipimo cha vitamini D. La pili, mkojo alioleta umekataliwa, ameambiwa akalete mwingine. Tunajibu yote mawili hapa. Haya ni maelezo ya jumla, hayachukui nafasi ya daktari anayemhudumia mtoto wako.

Habari kwamba upungufu wa vitamini D huleta UTI haikuzuka tu. Seli zinazotanda ndani ya kibofu hutengeneza protini ndogo iitwayo katelisidini, ambayo huua bakteria, na vitamini D huzichochea seli hizo ziitengeneze. Tena zipo tafiti zilizolinganisha watoto wenye UTI na wasio nayo, zikakuta wenye UTI wana vitamini D kidogo zaidi. Mpaka hapo hatubishani na mtu.

Ubishi unaanza pale mzazi anaporuka kutoka hapo hadi kwenye tiba. Mwili ukiwa vitani na maambukizi, viwango vya baadhi ya vitamini kwenye damu hushuka vyenyewe. Vitamini A inajulikana sana kwa hilo, na vitamini D nayo huweza kushuka. Ukimpima mtoto homa ikiwa imepamba moto ukakuta kiwango kiko chini, hujui ni upungufu ulioleta ugonjwa au ni ugonjwa ulioshusha kiwango. Majaribio ya kuwapa watoto vitamini D ili wasipate UTI bado hayajatoa jibu la kubadilisha utaratibu wa tiba. Daktari hakukunyima kipimo. Kipimo hicho kisingebadilisha dawa anayompa mtoto.

Kipimo kina wenyewe: mtoto mwenye dalili za matege, mwenye ugonjwa sugu wa figo au ini, ambaye utumbo wake haufyonzi mafuta vizuri, au anayetumia dawa za kifafa kwa muda mrefu. Kama mwanao ni mmoja wao, atapimwa, awe na UTI au asiwe nayo. Na ukipata majibu, soma kizio kabla ya kupiga simu. Kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016 kuhusu matege, nanomoli zaidi ya 50 kwa lita zinatosha, kati ya 30 na 50 ni pungufu kiasi, na chini ya 30 ni upungufu kamili. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa mililita, na nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita. Kwa hiyo majibu ya 24 huku na 60 kule ni kitu kilekile. Mtoto hajapona wala hajazidiwa, ni karatasi mbili tu.

Wengi hawasubiri kipimo, wananunua matone. Kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni yuniti 400 kwa siku katika mwaka wa kwanza na 600 baada ya hapo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kikomo ni yuniti 1,000 bila maelekezo ya daktari. Kuna chupa ambazo tone moja tu lina yuniti 400, na nyingine yuniti hizo ziko kwenye mililita nzima. Mzazi akibadilisha chupa bila kubadilisha kiasi anachompa mtoto, hesabu inaharibika siku hiyohiyo. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu: mtoto hutapika, hupata kiu, hukojoa mno, choo kinakuwa kigumu, na figo zinaweza kuweka mawe. Choo kigumu chenyewe ni chanzo kikubwa cha UTI kujirudia, kwa sababu utumbo uliojaa hukibana kibofu kisitoe mkojo wote. Ukitaka kumsaidia mtoto mwenye UTI zinazojirudia, uliza kwanza anapata choo lini na kama anabana mkojo akiwa shuleni. Maswali hayo hayana gharama, na sijui kwa nini hayapendwi.

Vitamini C nayo ina wapenzi wake. Haitibu UTI, na kwetu inaleta taabu nyingine: ikiwa nyingi kwenye mkojo, inaweza kuzuia kijiti cha kupimia kibadilike rangi hata kama damu au nitriti (kemikali inayoashiria bakteria) zimo. Majibu yanatoka safi, mtoto anaumwa. Na mkojo wa njano kali baada ya dawa ya vitamini mchanganyiko ni vitamini B2 inayotoka tu. Harufu ya mkojo pia, peke yake, si UTI.

Sasa mkojo. Mtoto anayeweza kukojoa kwa kuambiwa asafishwe sehemu za siri kwa maji, aanze kukojoa chooni, kisha mkojo wa katikati ukingwe kwenye kichupa tulichokupa, si cha dawa ya kikohozi kilichosuuzwa. Usiguse ndani ya kichupa wala kifuniko. Kwa mtoto mchanga, mnyonyeshe, mvue nepi, kaa na kichupa tayari ukisubiri. Mkojo uliokamuliwa kwenye nepi hatuoteshi, yaani hatuukuzi bakteria wake maabara ili tuwatambue. Mfuko wa kubandika hushika bakteria wa ngozi: ukionyesha hakuna kitu tunaweza kuamini, ukionyesha bakteria lazima mkojo uchukuliwe upya kwa njia nyingine.

Andika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, saa mkojo ulipochukuliwa na njia iliyotumika. Njia si urasimu. Kwa mkojo wa katikati tunatazama makundi ya bakteria 100,000 kwa mililita, ila kwa uliotolewa kwa mrija unaoingizwa kwenye kibofu, miongozo mingi inakubali idadi ndogo zaidi. Ufikishe ndani ya saa moja. Ukishindwa, uweke kwenye jokofu nyuzi 4, si kwenye barafu, na usipitishe saa 24. Bakteria wa E. koli, ambaye ndiye msababishi mkuu, akipata joto zuri huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi, na kichupa kilichoshinda ndani ya mkoba kinatupa idadi isiyo ya mtoto.

Sampuli isiyo na jina, iliyovuja au iliyochelewa bila kuhifadhiwa tunaikataa, tunaandika sababu, tunaijulisha kliniki, na fomu mpya inahitajika. Fomu ya zamani haipokelewi hata kama ni ya asubuhi ileile. Mkojo uliotolewa kwa mrija au sindano hatuukatai haraka, kwa kuwa mtoto hawezi kurudiwa hivihivi. Tunampigia daktari kwanza. Kuotesha huchukua siku moja hadi mbili, na kusimama dirishani hakuwaharakishi bakteria. Kama mtoto ameshapewa antibayotiki, hata dozi moja ya iliyobaki nyumbani, tuambie. Hatutakufokea, tunataka kujua kwa nini hakuna kilichoota.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi asisubiri lolote kati ya haya. Apelekwe hospitali mara moja, mkojo utachukuliwa hukohuko.

Kwa wale ambao daktari ameandika vitamini D, kurudia kipimo kabla ya miezi 3 hivi ya dozi mara nyingi hakuna maana, kiwango kinakuwa bado kinapanda. Siku ya kurudi, njooni na chupa zenyewe za vitamini, pamoja na kijiko au kidonezi mnachotumia. Picha ya boksi haituonyeshi mililita ngapi zinaingia mdomoni.